Kaka Jembamba la Yai: Historia ya DDT, Homoni na Ndege



Maji yakipwa katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, kuanzia mlango wa Mto Ruvuma, kupitia Palma na Mocímboa da Praia, hadi visiwa vya Kirimba, mafungu ya mchanga huibuka na ndege hushuka kula. Miongoni mwao yumo ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mnene, ambaye chakula chake kikuu ni kaa. Huyu si mzaliwa wa hapa. Huzaliana katika visiwa na fukwe za Ghuba, za Bahari ya Shamu na za Somalia, kisha huja kusini katika miezi ya mwisho ya mwaka, kwa njia ileile ambayo majahazi ya zamani yaliifuata kwa pepo za kaskazi. Msimu wa kuzaliana ukifika, huchimba shimo mchangani, na ndani ya shimo hilo, kwa kawaida, hutaga yai moja tu.

Yai hilo moja ndilo lililonifanya niandike somo hili. Kuku akivunja yai leo, kesho atataga jingine. Ndege wa yai moja akilivunja, mwaka wake umepita bure. Sasa tujiulize: itakuwaje ikiwa kaka la yai limekuwa jembamba mno hata mama mwenyewe anapolilalia, uzito wake unalipasua? Jambo hili limekwisha kutokea duniani, na limetokea pia kwa majirani zetu. Historia yake inatufundisha habari za ndege, na inatufundisha vilevile wajibu wa raia.

Dawa iliyokuja na sifa

DDT ni kemikali iliyotengenezwa mara ya kwanza mwaka 1874 na mwanakemia Othmar Zeidler. Kwa miaka 65 hakuna aliyejua inafaa kwa kazi gani. Mwaka 1939 Mswisi Paul Müller akagundua kuwa inaua wadudu. Katika Vita vya Pili vya Dunia ikatumika kuua chawa waliokuwa wakieneza homa ya tifasi miongoni mwa askari na wakimbizi, na kuua mbu wa malaria. Mwaka 1948 Müller alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Tusiwe wepesi wa kuwacheka waliopita. Mtu aliyezika mtoto kwa malaria, kisha akaona nyumba iliyopuliziwa dawa inakaa miezi kadhaa bila mbu, alikuwa na kila sababu ya kuishukuru DDT. Kusini mwa Msumbiji upuliziaji wa DDT ndani ya nyumba ulianza katika miaka ya 1940. Huko Zanzibar kampeni kubwa iliyosaidiwa na Shirika la Afya Duniani ilifanyika tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi mwaka 1968, na malaria ikapungua sana. Kampeni ilipokoma, ugonjwa ukarudi. Kwa hiyo hii si hadithi ya mema na mabaya yaliyotengana kama usiku na mchana.

Dawa haikubaki ukutani, hata hivyo. Ilipelekwa pia mashambani na msituni. Pamba ni miongoni mwa mazao ambayo duniani kote yamepigwa viuadudu vingi, na katika nchi kadhaa za Afrika DDT ilimwagwa porini ili kuwaua mbung'o. Kinachomwagwa nchi kavu hakikai nchi kavu milele. Mvua hukisomba hadi mtoni, na mto hukifikisha baharini. Sisi wa pwani hii tunaijua njia hiyo, kwa maana Ruvuma, Messalo na Montepuez zote huishia katika bahari yetu.

Haba na haba hujaza kibaba

Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Walikuwa wakizungumzia nafaka, lakini methali hii inaeleza vizuri tabia ya DDT kuliko vitabu vingi.

DDT haiyeyuki kwa urahisi katika maji. Huyeyuka katika mafuta. Mnyama akiila, mwili hauwezi kuitoa upesi kupitia mkojo, bali huiweka akiba katika mafuta yake. Vijimea vidogo vya majini huibeba kidogo. Dagaa anayekula vijimea vingi hukusanya zaidi. Samaki mkubwa anayekula dagaa wengi hukusanya zaidi tena. Na mwisho wa mnyororo yupo ndege mla samaki, kama kwazi, mwari au koikoi. Huyu hupokea jumla ya deni la wote waliomtangulia. Aidha, DDT mwilini na udongoni hugeuka polepole kuwa kemikali nyingine iitwayo DDE, ambayo hudumu kwa miaka mingi.

Hapa ndipo homoni zinapoingia. Homoni ni kemikali ambazo tezi za mwili huzitoa katika damu ili zipeleke habari. Ni tarishi wa mwili. Moja humwambia ndege kwamba majira ya kujenga kiota yamefika. Nyingine humwamsha dume aimbe. Nyingine huiamuru tezi ya kaka ichukue madini ya kalsiamu kutoka katika damu na kulivika yai kaka gumu. Kila tarishi ana mlango wake, na kila mlango una kufuli lake.

Vichafuzi vinavyovuruga homoni ni kama funguo za bandia. Kimoja huingia kufulini na kufungua mlango usiopaswa kufunguliwa. Aina moja ya DDT huigiza homoni ya kike, yaani estrojeni. Kingine huingia kufulini na kukwama, kikamzuia mwenye ufunguo halali. Mwaka 1995 wanasayansi walionyesha kuwa DDE huzuia hivyo homoni ya kiume. Na ndani ya tezi ya kaka, DDE huvuruga upelekaji wa kalsiamu. Ndege haonekani mgonjwa. Anaruka, anavua, anapata mwenzi, anataga. Ila kaka la yai limekuwa jembamba.

Ushahidi ulivyopatikana

Mwaka 1962 mwandishi wa Kimarekani Rachel Carson alichapisha kitabu Silent Spring, akionya kuwa viuadudu vinawaua ndege. Wenye viwanda walimshambulia vikali. Ushahidi wa mayai ulifuata baadaye, na ulitoka mahali ambapo wengi hawakupatarajia: katika makabati ya wakusanyaji wa mayai.

Huko Uingereza, Derek Ratcliffe alikuwa akichunguza kwa nini kozi wanapungua na kwa nini mayai yao yanavunjika viotani. Akayapima makaka ya mayai yaliyohifadhiwa tangu zamani, akayalinganisha na mapya. Mwaka 1967 akatangaza alichokiona: makaka yalianza kuwa mepesi ghafla katika miaka ya mwisho ya 1940, yaani wakati uleule DDT ilipoanza kutumika kwa wingi. Angalieni, wanafunzi, jinsi kumbukumbu zilizotunzwa zilivyoweza kusema kweli baada ya miaka 20. Hiyo ndiyo kazi ya historia.

Mwaka 1970, katika kisiwa cha Anacapa karibu na pwani ya California, wachunguzi waliwafuatilia wari wa kahawia. Katika viota zaidi ya 500 alipatikana kinda mmoja tu. Wazazi walikuwa wakiyalalia mayai yao na kuyaponda kwa uzito wa miili yao wenyewe.

Tabia nazo zilibadilika. Katika Ziwa Ontario, katika miaka ya 1970, ilionekana kuwa shakwe waliokuwa na sumu nyingi mwilini walikuwa wazembe viotani: waliyaacha mayai yao kwa muda mrefu kuliko wenzao wa maeneo safi, na mayai yakapoa. Mwaka 1981 Michael Fry na Charles Toone walieleza kwamba mayai ya shakwe yaliyodungwa DDT, kwa kiasi kinacholingana na kilichopatikana porini, yalitoa makinda madume wenye chembechembe za uzazi wa kike. Baadaye, mwaka 2011, watafiti wa Florida waliowafuga kwarara weupe walionyesha kuwa hata zebaki kidogo katika chakula iliwafanya baadhi ya madume wapunguze michezo ya kuposa na kuunda jozi wao kwa wao, hivyo viota vyao vikakosa mayai. Sumu haikumuua ndege. Ilimnyang'anya uzazi wake.

Marekani ilipiga marufuku matumizi makubwa ya DDT mwaka 1972. Wari wa kahawia walirudi taratibu, na mwaka 2009 wakaondolewa katika orodha ya viumbe walio hatarini. Kosa lililotambuliwa mapema linaweza kurekebishwa.

Kwa majirani zetu

Mtu anaweza kusema kwamba hayo ni ya Ulaya na Marekani. Basi tuje karibu.

Nchini Zimbabwe DDT ilitumika kwa miaka mingi, hadi miaka ya 1980, dhidi ya mbung'o. Mwaka 1992 R. J. Douthwaite alichapisha utafiti wake juu ya kwazi wa Ziwa Kariba. Mayai yao yalikuwa na mabaki ya DDT, na makaka yalikuwa yamepungua unene. Katika misitu iliyopuliziwa, ndege mdogo mweusi anayeokota wadudu kwenye mashina ya miti alipungua sana, kwa sababu dawa ilipakwa palepale alipotafuta riziki. Kumbukeni kuwa Kariba iko katika Mto Zambezi, na Zambezi ikitoka huko huingia Msumbiji.

Afrika Kusini nayo ilitumia DDT dhidi ya malaria katika maeneo ya mpakani. Katika mkoa wa Limpopo watafiti walikuta DDT nyingi katika kuku wa kienyeji waliokuwa wakidonoa kuzunguka nyumba zilizopuliziwa. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti kutoka KwaZulu-Natal, mkoa unaopakana na Msumbiji, ulioonyesha athari za DDT katika mayai ya wari, na mabaki yake katika mayai ya mnandi, korongo na yangeyange. Ndege hao hawajui mpaka, wala hawaulizwi pasipoti.

Na binadamu je? Huko Manhiça, kusini mwa Msumbiji, watafiti walipima maziwa ya akina mama mwaka 2002 na tena mwaka 2006, baada ya DDT kurudishwa katika nyumba. Kiasi cha DDT katika maziwa kilikuwa kimeongezeka. Hapa mnyororo wa chakula umefika kwa mtoto anyonyaye. Yule mwari na mtoto huyu wameketi kwenye mkeka mmoja.

Mbu hawakungoja

Kwa nini basi dawa hii ilirudishwa? Hapa ndipo somo linapokuwa gumu, na sitaki kulirahisisha.

Mwaka 1993 Msumbiji iliacha DDT katika nyumba na kutumia dawa nyingine za kundi la pairethroidi. Afrika Kusini iliacha mwaka 1996. Lakini mbu wa aina ya Anopheles funestus walikuwa wamejenga usugu dhidi ya dawa hizo mpya. Malaria ikalipuka, na mwaka 2000 Afrika Kusini ikairudia DDT. Msumbiji ikafuata katikati ya muongo huo. Mkataba wa Stockholm, uliopitishwa mwaka 2001 na kuanza kazi mwaka 2004, ulikuwa umeiweka DDT katika orodha ya sumu zinazodhibitiwa, ukiruhusu matumizi yake kwa kazi moja tu: kupambana na wadudu waenezao magonjwa, pale ambapo hakuna njia nyingine salama na nafuu. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani likaunga mkono tena upuliziaji wa ndani ya nyumba, DDT ikiwamo.

Je, waliorudisha DDT walikosea? Mbele ya mtoto anayetetemeka kwa homa, sithubutu kusema hivyo. Lakini tofauti kati ya kupulizia ukuta kwa kipimo na kumwaga dawa shambani au mtoni ni kubwa mno. Dawa ya ukutani ikiibwa na kuuzwa kwa mkulima, au pipa lake likioshwa mtoni, ruhusa iliyotolewa kwa ajili ya mtoto imegeuka kuwa sumu kwa mtoto yuleyule. Kwa hiyo, zaidi ya kuuliza kama dawa itumike au isitumike, tuulize pia: nani anaitunza, nani anaipima, na nani ana haki ya kujua?

Raia wa Matola

Swali hilo liliwahi kuulizwa na raia wa Msumbiji, nao walijibiwa. Mwaka 1998 wakazi wa Matola, karibu na Maputo, walipata habari kuwa shehena za viuatilifu vilivyopitwa na wakati zingechomwa katika tanuri la kiwanda cha saruji mjini mwao, katika mradi uliofadhiliwa na Denmark. Kuchoma sumu za namna hiyo kwa joto lisilotosha huweza kuzalisha dayoksini, nazo ni miongoni mwa vivuruga-homoni vikali. Wananchi wakaunda kikundi kiitwacho Livaningo. Walitaka kuziona nyaraka za mradi, wakatafuta ushauri wa wataalamu huru, wakakutana na viongozi, wakapeleka hoja zao hadi Denmark. Mwaka 2000 mpango wa kuchoma uliachwa, na ikaamuliwa kuwa sumu hizo zipelekwe nje ya nchi zikaharibiwe huko.

Hawakurusha mawe. Hawakuwa matajiri. Nchi ilikuwa imetoka vitani mwaka 1992 tu, na sauti ya raia ilikuwa bado changa. Walikuwa na swali na subira ya kulirudia mpaka lijibiwe.

Hitimisho: kwetu sisi wa kaskazini

Najua atakayesoma haya akiwa Palma au Mocímboa da Praia anaweza kukasirika. Tangu Oktoba 2017 vita vimeua watu, vimechoma nyumba na kuwafukuza maelfu kwa maelfu. Yupo anayelala chini ya turubai, nami namletea habari za kaka la yai!

Hasira hiyo ni ya haki, nami sina la kumlaumu. Namwomba tu afikiri pamoja nami. Anayekimbia vita hubaki akila nini? Samaki, kaa na chaza wa pwani hii. Akirudi kwake hulima shamba gani? Lilelile ambalo mvua yake huishia baharini. Ndege wa ufukweni anakula tunachokula, anakunywa tunachokunywa, ila maisha yake ni mafupi na uzazi wake huonekana upesi, ndiyo maana sumu hujitangaza kwake kabla ya kujitangaza kwetu. Dalili ya mvua ni mawingu.

Amani itakaporudi, Mungu akipenda, zitakuja bandari, mashamba makubwa na mitambo ya gesi, na kila kimoja kitakuja na mapipa yake. Raia aliyesoma hatangoja mayai yavunjike ndipo aulize kilichomo ndani ya mapipa hayo. Atasoma maandishi yaliyobandikwa juu ya chupa ya dawa. Hatatia maji ya kunywa katika kopo la kiuatilifu. Hatatumia dawa ya shambani kuvulia samaki. Na akimwona jirani anafanya hivyo, atamweleza kwa upole, kwa maana maji ya jirani ndiyo maji yake.

Yule ndege wa kaa atakuja tena mwaka huu, kama walivyokuja wazazi wake. Ana yai moja tu la kuhatarisha. Nasi, katika yale tunayoyathamini kuliko yote, tuna mangapi?

Msamiati

Kaka (la yai): ganda gumu la nje la yai.
Kulalia mayai: kuyakalia mayai ili yapate joto na kuanguliwa; pia kuatamia.
Kinda: mtoto wa ndege.
Kwazi: tai mla samaki.
Kozi: ndege mwindaji mwenye kasi kubwa.
Mwari (wingi: wari): ndege mkubwa wa majini mwenye mfuko chini ya mdomo.
Tarishi: mtu anayetumwa kupeleka ujumbe.
Kiuatilifu: dawa ya kuua wadudu, magugu au viumbe waharibifu.
Usugu: hali ya mdudu au kijidudu kutodhurika tena na dawa.

Maswali ya mjadala

1. Eleza kwa maneno yako jinsi methali "haba na haba hujaza kibaba" inavyofafanua safari ya DDT kutoka shambani hadi katika yai la ndege.
2. Mwandishi hakusema kuwa waliorudisha DDT walikosea. Je, unakubaliana naye? Toa hoja mbili.
3. Raia wa Matola walitumia njia gani kudai haki yao? Ni ipi kati ya njia hizo inayoweza kutumika mahali unapoishi?
4. Andika insha ya maneno 200 kuhusu ndege mmoja unayemfahamu: jina lake kwa lugha ya nyumbani kwenu, chakula chake, na mahali anapotaga.